Dishi Halikuwa na Kosa: Kisa cha Gari la Nyumba Lililokosa Nusu ya Chaneli

Mzee alinipigia simu Jumamosi, saa kumi na moja jioni. "Kijana wangu, njoo uniokoe. Chaneli nusu zipo, nusu hazipo, na ile ya mpira ndiyo haipo." Nilimwamkia, nikamwuliza yuko wapi. Akasema yuko Kisasa, hapa Dodoma, nyumbani kwake, ila televisheni inayomsumbua si ya nyumbani. Ni ya kwenye gari.

Gari lenyewe ni gari la nyumba, lile lenye kitanda, jiko la gesi, choo na meza humo humo. Lina urefu wa mita saba hivi, limetengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mzee alilinunua baada ya kustaafu ualimu ili yeye na mama wazunguke nchi kwa raha zao. Walikuwa wanajiandaa kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani pale Kolo, kisha wapitie Singida kwa ndugu wa mama. Kabla yangu walishafika mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Wa pili alisema dishi ni dogo, akawauzia la sentimita 90 badala ya lile la 60. Tatizo likabaki palepale.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu mafundi wenzangu wengi wanaofunga dishi juu ya bati wakiingia kwenye gari wanalichukulia kama chumba kimoja cha nyumba. Waya wa nyumbani ukishapigiliwa ukutani unatulia miaka kumi. Waya wa gari unatikiswa kila siku gari linapotembea, unalala kwenye joto la bati lililoanikwa juani, na vumbi la Dodoma linauingia kila penye upenyo.

Nianze na anga, maana na mimi nilianzia huko. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta na karibu nyuzi 36 mashariki. Kwa hiyo setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, inayobeba DStv, iko karibu utosini kwetu, kama nyuzi 83 kutoka upeo wa macho. Mzee alikuwa anatumia Azam, ambayo iko nyuzi 7 mashariki. Hiyo ukiwa Dodoma unaitafuta magharibi, ukisogea kaskazini kidogo, dira ikisoma 281 hivi, na dishi likitazama juu kama nyuzi 56. Pale uwanjani hapakuwa na kizuizi upande huo. Mwarobaini ulikuwa mashariki mwa gari.

Juu ya paa kulikuwa na dishi jingine, la kujiinua lenyewe kwa mota, lililokuja na gari. Mzee alikuwa akibonyeza kitufe, linainuka, linazunguka polepole, linasimama, kisha linalala tena. Aliambiwa mota imekufa. Mota haikuwa imekufa. Dishi lile lilipangwa kutafuta setilaiti za Astra zilizoko nyuzi 28.2 mashariki, zinazohudumia Uingereza. Ukiwa London unaziona chini kabisa, nyuzi 25 tu kutoka upeo, na mwale unaobeba chaneli za kule umeelekezwa visiwani kwao. Mtambo mzima ulikuwa unafanya kazi yake kwa uaminifu, ukitafuta mawimbi yasiyofika kwetu.

Basi nikachukua lile dishi jipya, nikalisimamisha chini kwenye stendi ya miguu mitatu, nikalielekeza. Halafu nikafanya jambo ambalo wale wawili hawakulifanya. Nilitoa waya wangu wa mita kumi, nikaupitisha dirishani, nikauchomeka moja kwa moja nyuma ya king'amuzi bila kugusa waya wowote wa gari. Chaneli zote zikaja. Mpira ukaja. Mzee akakaa chini palepale.

Mama akasimama mlangoni, akautazama ule waya. "Sasa mwanangu, dirisha likae wazi kila siku? Na mbu je?"

Alikuwa na haki. Lakini lile jaribio la robo saa lilikuwa limeshatenganisha mambo. Dishi zima, LNB nzima, king'amuzi kizima. Ubovu uko kati ya soketi ya nje, ubavuni mwa gari, na soketi ya ndani nyuma ya televisheni. Lile dishi la zamani la sentimita 60 pia halikuwa na kosa. Nililijaribu kwa waya huohuo wa dirishani, likatoa chaneli zote. Fedha ya dishi la 90 ilikuwa imekwenda bure, na iliniuma kumwambia mstaafu hivyo, lakini nilimwambia.

Sasa kwa nini zikosekane nusu, zisikosekane zote? King'amuzi hakipokei tu kupitia ule waya, kinapeleka umeme vilevile. Kinapotaka chaneli za upande mmoja kinapeleka volti 13, na kinapotaka za upande mwingine kinapeleka volti 18. LNB inasoma volti hizo kama amri: 13 ni mawimbi yaliyosimama wima, 18 ni yaliyolala. Juu ya umeme huo kuna mlio mdogo wa kilohezi 22 unaochagua kundi la juu au la chini la masafa. Kwa hiyo mtu akikuambia anapata nusu ya chaneli, usikimbilie kugeuza dishi. Chukua kwanza mita ya kupimia volti, upime amri inayofika juu.

Nikachomeka waya wa gari kama ulivyokuwa. Nikaweka king'amuzi kwenye chaneli ya mpira, nikapima nyuma yake: 18.2. Nikaenda nje, nikafungua waya kwenye LNB, nikagusa ncha za mita kwenye kiini, yaani ule uzi wa katikati ya waya, na kwenye wavu unaokizunguka. 18.2. Yaani hakuna kilichopotea njiani.

Hapa ndipo fundi wa kwanza alipopotea, maana mzee aliniambia kuwa naye alipima, akatikisa kichwa, akasema umeme unafika vizuri, basi LNB ndiyo mbovu. Kipimo chake kilikuwa cha kweli na kilimdanganya. Waya ukiufungua kwenye LNB, hakuna mkondo unaopita. Kiungo kibovu chenye kutu, hata kiwe na ukinzani wa omu nyingi, hakipunguzi volti kama hakuna mzigo. Ni kama bomba lililoziba nusu: ukiliziba mdomo kwa kidole, presha inaonekana sawa na ya bomba zima. Utajua limeziba ukifungulia maji.

Nikaurudisha waya kwenye LNB, safari hii nikiweka kiungo cha kati kilicho wazi upande mmoja ili nipime wakati LNB inafanya kazi. Mita ikashuka ikasimama kwenye 14.7. Nikamwambia mzee ahamie chaneli ambayo huwa inaonekana: nyuma ya king'amuzi 13.4, kwenye LNB 10.1. Hapo picha ikawa wazi kwangu. LNB ile ilikuwa inavuta kama miliampia 130. Volti tatu na nusu zinapotea njiani kwa mkondo mdogo hivyo, maana yake kuna omu 27 mahali fulani, wakati waya mzima wa mita kumi hautakiwi kufikisha hata omu 2. Na 14.7 ni volti isiyo na amri. Si 13, si 18. LNB nyingine itaisoma hivi, nyingine vile, na hiyohiyo moja inaweza kusoma hivi asubuhi kukiwa na baridi na vile saa nane mchana bati likichemka. Mzee akapiga paja. "Ndiyo maana asubuhi inaonyesha!"

Giza likaingia. Kesho yake, baada ya wao kutoka kanisani, nikarudi na kijana wangu wa kazi, tukafungua.

Nyuma ya kabati la nguo kulikuwa na ubao mwembamba wenye skrubu nne. Nilipoutoa, vumbi jekundu lilimwagika kama unga. Waya wa kutoka nje uliingia hapo, ukakatwa, ukaunganishwa na waya mwingine kwa kusokota viini kwa mkono na kuzungushia utepe mweusi. Utepe ulishayeyuka gundi. Nilipouchambua, shaba ilikuwa ya kijani, na nywele mbili za wavu zilikuwa zimejikunja zikikaribia kiini, zimebakiza unene wa ukucha. Zingegusana, king'amuzi kingepigwa shoti. Mzee alivaa miwani yake, akainama akaangalia muda mrefu, akaniomba nimwachie kile kipande. Alikiweka kwenye mfuko wa shati.

Mbele ya kiungo hicho palikuwa na kigawanyio cha kupeleka waya mmoja sebuleni na mwingine chumbani. Kwenye bati lake paliandikwa 5–1000 MHz. Hicho ni kigawanyio cha antena ya kawaida. Mawimbi yanayoshuka kutoka LNB kwenda kwenye king'amuzi husafiri kati ya megahezi 950 na 2150, kwa hiyo karibu yote yalikuwa yanapita nje ya uwezo wa kile kidude. Tena mlango wake mmoja tu ndio uliopitisha umeme, ule wa sebuleni. Soketi ya chumbani haikuwahi kufanya kazi tangu gari lifike Tanzania, na isingeweza.

Kulikuwa na kitu cha tatu, ambacho hakikuwa na ubovu ila kilikuwa na hatari. Karibu na televisheni kuna soketi yenye kitufe na taa nyekundu. Ukibonyeza, inapeleka volti 12 kwenye waya kwenda kwenye kikuza mawimbi cha antena ya paa. Mtu akichomeka waya wa dishi kwenye soketi hiyo, LNB itapata 12 muda wote na haitasikia amri nyingine. Nikawaambia wote wawili: hii ni ya antena, na ibaki ya antena. Antena yenyewe sikuing'oa. Mjini inakamata vituo vya kawaida bila dishi, na siku ya mvua kubwa ni akiba nzuri.

Fundi wa pili alikuwa ameacha ushauri kwamba ikishindikana wafunge kikuza mawimbi katikati ya waya wa dishi. Nilikataa bila kusita. Kikuza kinakuza na kelele, na hakitibu kiungo cha omu 27. Vilevile nilikataa ushauri wa kubadilisha waya tu kwa mnene zaidi. Waya wa zamani wa gari ulikuwa RG59, mwembamba, na RG6 ni bora kweli, lakini tuwe wakweli na hesabu: kwenye masafa ya juu kabisa RG6 hupoteza kama desibeli 33 kwa mita 100, na RG59 zaidi ya 40. Kwa waya wa mita tisa tofauti ni kama desibeli moja. Ungeweka RG6 juu ya kigawanyio kile na kiungo kile cha kusokota, mpira usingeonekana.

Niliamua hivi: kila king'amuzi kipate waya wake mmoja usiokatwa, kutoka soketi ya ubavuni hadi mgongoni mwake, bila kigawanyio, bila kiungo ndani ya ukuta. Na kwa kuwa mama alitaka televisheni ya chumbani iangalie tamthilia wakati mzee anaangalia mpira, LNB iwe ya midomo miwili, nyaya mbili, soketi mbili ubavuni, ving'amuzi viwili.

Dishi la mota nikashauri lishuke. Mzee alilipenda, nadhani kwa sababu ya kule kujiinua. Nikamwuliza, "Mzee, mchana saa saba ukiwa Kondoa utaegesha wapi?" Akasema chini ya mti. Nikamwambia dishi la paani linataka gari likae juani, la miguu mitatu linakaa juani lenyewe na nyinyi mkakaa kivulini. Waya wa nje wa mita 15 unatosha kulitoa kwenye kivuli cha mbuyu wowote. Mama akamalizia mjadala kabla mzee hajajibu. Tukalishusha, tundu la paa tukaliziba kwa sahani ya alumini na gundi ya kuzuia maji, skrubu sita.

Kupitisha nyaya ndiko kulikokula siku. Nilitarajia kufunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani na kuuvuta, lakini kiwandani walikuwa wameubandika kwa gundi ndani ya ukuta. Haukusogea hata sentimita moja. Njia fupi ilikuwa kupitia kabati la mtungi wa gesi. Hapana. Kabati la gesi limezibwa ili gesi ikivuja itoke nje kupitia tundu la chini, na ukilitoboa kwenda ndani umefungulia gesi njia ya kitandani. Tukazunguka chini ya viti, nyuma ya droo, tukatokea chini ya meza ya televisheni. Mita tatu zaidi, na kila tundu la mbao au bati tulivalisha raba ili kingo isiule waya gari likitikisika. Nyaya za inveta tuliziacha upande wa pili wa gari.

Kwenye kona sikuruhusu waya ujipinde kwa ukali kuliko mzingo wa chupa ya soda. Ukiukunja kama karatasi, ule ute mweupe wa ndani unabonyea, kiini kinasogea karibu na wavu, na mawimbi yanarudi yalikotoka. Nje hutaona kitu.

Konekta nilitumia za kubana kwa koleo maalumu, si za kuzungusha kwa mkono. Kijana wangu alifunga mbili za kwanza, nikazikata zote mbili mbele ya mzee, si kwa kumwaibisha ila ili aone. Kwenye ya kwanza ute mweupe ulikuwa umerudi ndani milimita tatu. Kwenye ya pili unywele mmoja wa wavu, mwembamba kuliko uzi wa buibui, ulikuwa umelala juu ya ute. Ute unatakiwa ulingane sawasawa na sakafu ya konekta, kiini kitokeze kidogo tu kupita mdomo wake, na wavu wote ukunjwe nyuma juu ya ganda. Ya tatu aliifunga vizuri, na zilizobaki zote alizifunga yeye.

Ubavuni tukaweka kiboksi chenye mfuniko wa raba, ndani yake viungo viwili vya kupitia ukuta vilivyoandikwa hadi megahezi 3000. Waya wa nje tuliuachia tumbo linaloning'inia chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke kutoka kwenye tumbo, yasifuate waya hadi ndani. Dodoma mvua yetu ni ya miezi michache, Desemba hadi Aprili, na ndiyo maana watu huisahau hadi siku inapowakuta.

Umeme wa ving'amuzi tuliutoa kwenye betri ya nyumba, ile inayohudumia vyumba vya gari, volti 12, kila kimoja na fyuzi yake na kidhibiti volti katikati, kwa sababu injini ikichaji betri hupanda hadi 14 na zaidi. Mzee alikuwa anawasha inveta kwa ajili ya adapta ambayo kazi yake ni kurudisha umeme kuwa volti 12 zilezile.

Kipimo cha jioni, LNB ikiwa kazini: 18.2 kwenye king'amuzi, 17.8 kwenye LNB. Kwenye volti ya chini, 13.4 na 13.1. Chaneli zote sebuleni, zote chumbani. Nikawapa sharti moja: zima king'amuzi kwenye umeme kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya wa dishi, kwa sababu kiini kikigusa ukingo wa konekta wakati umeme upo, king'amuzi kinaweza kufa.

Wiki iliyofuata wakaondoka. Lami ya Dodoma hadi Babati haina shida, lakini kutoka barabara kuu kupanda kwenye michoro ni vumbi na mawe. Usiku huo mzee akanipigia: sebuleni safi, chumbani imekufa. Nikamwomba azime, aende kwenye kiboksi cha ubavuni, ashike kiungo cha pili kwa vidole. Kilikuwa kinacheza. Kosa hilo ni langu. Nilikaza konekta kwa spana ya 11, lakini nati ya nyuma inayoshika kiungo chenyewe kwenye bati niliikaza kwa mkono na sikuirudia. Alikuwa na spana, akaikaza, mama akapiga kelele kutoka chumbani kwamba picha imerudi.

Waliporudi niliweka washa yenye meno ya kuzuia kulegea chini ya nati zote mbili. Kisha nikachora njia ya nyaya kwenye karatasi, kila mahali zinapopita, rangi ya utepe wa kila moja, volti zinazotakiwa kusomwa LNB ikiwa imeunganishwa, nikaibandika kwa ndani ya mlango wa kabati la nguo kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu. Mama aliisoma yote, akaniambia niongeze mstari mmoja kwa herufi kubwa: KABATI LA GESI LISITOBOLEWE.

Nikauongeza.